Mjane wa Kwenye Kadi ya Gari

Gari langu la kwanza lilikuwa na usukani upande wa kuume, na hilo ndilo kosa pekee katika habari hii ambalo halikuwa langu. Nililinunua Kigoma, ambako Waingereza waliwazoeza watu kuendesha kushoto, si kuume kama kwetu, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anafunga duka lake. Lilikuwa kamioneti ndogo: mbele nafasi ya watu wawili, nyuma sanduku la kubeba magunia ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, ukiyapanga kwa akili. Kwa miaka mingi nilikuwa nimetoa ndagala Makobola nikiwapelekea watu wa Luberizi, na kutoa mchele Luberizi nikiwaletea watu wa ziwani. Mwanzo nilibeba kichwani, kisha kwa baiskeli za kukodi, kisha kwa malori ya watu, ambayo wenye nayo walinipakia mwisho na kunishusha kwanza. Nikachoka. Anayesema nilinunua gari kwa maringo, aje aninunulie miguu mingine.

Meli ililishusha Kalundu, bandari yetu hapa Uvira, mwaka ule ule waasi walipoingia mjini. Nililipa duane, ule ushuru wa forodha, nikapewa karatasi yenye mhuri, na kabla sijafika ofisi ya plaki, vile vibao vya namba, mwenye ofisi alikuwa amevuka mpaka kwenda Burundi na ufunguo mfukoni. Basi likakaa uani kwetu bila plaki. Nikaling'oa magurudumu, nikayaficha chini ya kitanda cha mama mkwe, na kuku mmoja akaanza kutagia kwenye kiti cha dereva.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Alikuwa mtu mpole mwenye mwandiko mzuri, na huo mwandiko ndio uliomponza. Waasi walihitaji mtu wa kuwaandikia barua na matangazo, na yeye kukataa hakujua tangu kuzaliwa. Kila karatasi iliyobandikwa mjini miezi ile ilikuwa na herufi zake, zimesimama sawasawa, kana kwamba anafundisha watu kusoma. Askari wa serikali waliporudi na waasi wakakimbilia kusini kwa njia ya Fizi, ilimbidi awafuate, maana mwandiko wake ulikuwa umebaki ukutani. Aliondoka asubuhi, chai yake bado ina moshi. Hakuniaga vizuri. Alisema tu, "Uchunge ile gari," kama vile nilikuwa na mpango wa kuitupa ziwani.

Miezi minne baadaye, serikali ikatangaza. Magari yote ya Uvira yaandikishwe, yapate plaki na asiransi, yaani bima, kabla ya mwezi kwisha. Litakalokutwa halina plaki litahesabiwa ni la waasi, na jeshi litalichukua. Nilikuwa na watoto watatu, mama mkwe mmoja, na gari moja. Gari likienda, wale wanne wanakula nini?

Nikarudisha magurudumu, nikamfukuza kuku, nikamtafuta mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori ya pamba huko bondeni zamani za Wabelgiji. Tukaenda ofisini. Fundi wa ukaguzi alilizunguka gari mara mbili, akapiga breki, akawasha taa, akachungulia ndani, akaanza kucheka.

"Mama, dereva wako anakaa kwenye majani. Akitaka kupita lori ingine, ataona namna gani?"

"Nitakaa kushoto," nikamwambia. "Nitaona kwa ajili yake."

Akadhani ninafanya mzaha. Lakini karani wa asiransi, aliyekuwa mezani pale pale, hakucheka. Aliandika hivyo hivyo ndani ya mkataba: gari hili lisipite jingine barabarani pasipo msaidizi kukaa upande wa kushoto na kutazama njia. Kama ajali ikitokea na kiti kile kiko kitupu, hawalipi. Nikaona ni haki. Ni mara chache sana nimesaini karatasi ya ofisi nikaona ni haki.

Shida ikaja kwenye meza ya mwisho, ile ya kadi ya gari. Karani alikuwa mtu wa Kamanyola, mwenye miwani na sauti ya chini. Akaandika jina langu, kisha akaweka kalamu.

"Mama, weye uko na bwana?"

"Niko naye."

"Aje basi atie sinyatire."

Sinyatire ni sahihi. Sheria tuliyoachiwa na Wabelgiji ilisema mke wa mtu haandikishi kitu kikubwa kama gari bila sahihi ya mume. Tulikuwa tumepata uhuru, lakini nadhani mimi walinisahau kwenye orodha.

"Hayuko," nikasema.

"Iko wapi?"

Nikatazama kidau chake cha wino. Nikisema yuko kusini, gari linaondoka siku ile ile, na mimi ninaondoka nalo kwenda gerezani. Karani aliona. Hakuwa mtu mbaya. Akainama kidogo, akasema polepole, "Muke wa bwana hawezi. Mjane anaweza. Nakuuliza tena, mama, na ufikiri mbele ya kujibu: uko na bwana, ao uko mjane?"

Akageuza karatasi upande wa pili. "Ulete shahidi wa jamaa ya bwana. Mmoja tu anatosha, kama ni mama yake."

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mfupi, mlokole, mwenye mdomo. Alikuwa amezaa watoto saba na kubaki na huyu mmoja. Nilimkuta anachambua mchele, nikamweleza bila kuzunguka, maana ukimzunguka alikuwa anazidi kukasirika. Akaendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha.

"Unataka nizike mwana wangu kwa kinywa," akasema.

"Ni kwa karatasi tu, mama."

"Kifo hakijui karatasi. Kikisikia jina, kinakuja." Akanyanyuka. "Mkamwana, weye unataka gari ao unataka bwana?"

"Nataka vyote viwili. Lakini kilicho hapa ni kimoja."

Ewe Mungu, nilichosema! Alinitazama mpaka nikatamani kuyameza maneno yangu. Siku tatu hakula chakula nilichopika. Alijipikia muhogo wake kwenye jiko lake la pembeni na kuniimbia nyimbo za dhambi na moto. Nilimchukia siku zile, sifichi. Na nilimchukia zaidi mwanawe, aliyetuachia sisi wawili ua mmoja.

Siku ya nne, bila kungoja mwezi uishe, askari walichukua lori la jirani yetu. Halikuwa na plaki, kwa kuwa alikuwa anangoja kaka yake atoke Bukavu na pesa. Walilichukua na unga wake ndani, na mkewe akalifuata barabarani akilia mpaka kandambili ikamkatika. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama mpaka mwisho. Kisha akaja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda.

"Twende," akasema. "Lakini tutafanya yote. Sitaki uongo wa nusu. Watu wakija kuuliza, wakute kilio."

Katika ukoo wao, mtu akipotea ziwani na mwili usipatikane, huzikwa mgomba badala yake. Hukata kipande cha shina, hukifunga nguo ya marehemu, hukilaza kaburini, watu hulia, basi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tukatangaza kwamba habari imefika, mtumbwi umezama. Majirani wakaja na kuni, na sombe ya majani ya muhogo, na machozi ya kweli, maana alikuwa amewafundishia watoto. Mama mkwe aliuchagua mgomba mwenyewe, akaufunga shati la mwanawe la darasani mwenyewe, na nilipotaka kumsaidia kuubeba akanipiga mkono. "Usiguse." Akauteremsha shimoni nyuma ya nyumba, akaanza kufukia kabla mchungaji hajamaliza kuomba.

Halafu akaninyoa. Wembe haukuwa mkali, akanikata nyuma ya sikio, na hapo ndipo nilipoanza kulia. Nililia sana. Watu wakanipa pole, wakasema kumbe alimpenda. Nililia kwa uchungu wa wembe, na kwa aibu ya kula sombe ya watu kwa uongo, na kwa sababu sikujua kama ulikuwa uongo. Miezi mitano sikuwa nimepata neno lake. Labda alikuwa amekwisha kufa, na mimi nilikuwa nimekaa pale namlilia kwa ajili ya plaki.

Ofisini, mama mkwe alisimama mbele ya karani kama mtu aliyeitwa kulipa kodi.

"Alikufa na nini, mama?"

"Na kuandika," akasema.

Karani akamtazama juu ya miwani, akatazama kichwa changu kilichonyolewa, hakuuliza tena. Akaandika: ziwani. Mama mkwe akatia kidole kwenye wino na kukibandika, akatoka bila kungoja kifutwe. Jioni ile gari lilikuwa na plaki, na mimi nilikuwa na kadi yenye rangi ya waridi, jina langu juu, na chini yake "mjane wa," likafuata jina la mume wangu lote, kama lilivyoandikwa siku alipobatizwa.

Tukaanza kazi, mzee wa pamba na mimi. Yeye kuume, karibu na majani, mimi kushoto, katikati ya barabara, kichwa nje ya dirisha. "Ngoja. Ngoja. Pita!" Vumbi la bonde la Ruzizi nililila kwa kinywa wazi. Mara ya kwanza niliposema "pita" na kukawa na ng'ombe mbele, mzee alisimamisha gari, akaniambia kwamba neno hilo halisemwi kwa kukisia. Alisema kweli. Sikukisia tena.

Mvua zilipoanza, nilikwenda nyuma ya nyumba kuanika nguo, nikaona jani. Lilikuwa bichi, limejikunja, limetoka kaburini urefu wa mkono. Nikamwita mama mkwe.

"Shina lililokatwa halioti," nikamwambia.

"Nani alikuambia nilikata?" Alikuwa ameshika kata ya maji, na hapo nikaelewa kwamba hiyo haikuwa siku ya kwanza kuumwagilia. "Nilitoa mche na mizizi yake. Minye sikuzika mtu. Nilipanda mgomba."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu hasira ikanipanda, hasira ya kweli. Yule mama alikuwa ameweka kidole chake kwenye karatasi, akala matanga, akaninyoa, na muda wote huo moyoni alikuwa safi kabisa mbele ya Mungu wake. Uongo wote ulikuwa umebaki juu yangu peke yangu.

Njia ya kusini ilifunguliwa kidogo kidogo, mpaka Makobola. Siku moja tulikuwa pale tunapakia, jua liko utosini, wanawake wa pwani wanagombana nami juu ya gunia lililolowa. Mtu mmoja akatokea upande wa mashamba, na gunia la ndagala kichwani limemficha uso. Nilijua miguu yake kabla ya uso. Kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kilikuwa kimepinda tangu utoto.

"Mama, munaenda Uvira?" akauliza.

Wanawake walikuwa pale. Askari wawili walikuwa chini ya kibanda wakinywa pombe ya ndizi. Nikasema, "Panda nyuma, usikalie magunia." Sauti yangu ilitoka sawa. Mzee wa pamba alitazama usukani wake kama hajapata kuuona.

Kwenye kizuizi cha kuingia mjini, wakatuteremsha wote na mizigo. Ofisa alikuwa na orodha ya walioandikia na kupigania waasi, kurasa kadhaa, zimechoka kwa kufunuliwa. Akasoma kadi ya gari, akasoma tena mstari wa chini, akaanza kupitisha kidole kwenye orodha.

"Huyu bwana yako tuko naye hapa."

"Alikufa."

"Nani anasema?"

"Mama yake. Alitia kidole. Mhuri uko hapo."

Akageuza kadi, akatazama mhuri, akautazama mhuri wa asiransi vilevile, ingawa huo haukumhusu. Kisha akatoa kalamu, akapiga mstari juu ya jina, polepole, akatumia ubao wa nyuma wa gari langu kuandikia. Mwenye jina alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale na gunia kichwani. Alikuwa anaweza kusoma kutoka hapo. Mwalimu anasoma hata herufi zilizopinduka.

"Na huyu?"

"Mpakizi wangu." Nikataja jina la kaka yake aliyekufa akiwa mtoto. Ofisa hakuandika hata hilo. Akatufungulia.

Nyumbani, mama mkwe hakupiga kelele. Alimshika masikio yote mawili, akamtazama, akaenda kupika bugali. Mume wangu alizunguka nyuma ya nyumba kunawa. Akaona mgomba, uliokwisha kumpita urefu, na chini yake kipande cha kola ya shati lake kimetokeza udongoni. Akakaa nao muda. Aliporudi alinitazama nywele, ambazo zilikuwa zimeota nusu tu.

"Ulinyoa?"

"Nilinyolewa."

"Ulilia?"

"Nililia."

"Basi nilikufa vizuri," akasema, akavuta sahani.

Majirani walijua, bila shaka. Walikuwa wamekula matanga yake, sasa wanamwona anachota maji. Lakini kwetu watu walikuwa wameona mengi, na aliyeponyoka hawakumuuliza alipitia wapi. Walianza kumwita Dereva, kwa sababu mzee wa pamba aliishiwa macho, na mume wangu akakalia usukani kwa jina la kaka yake. Kufundisha hakufundisha tena. Kuandika pia aliacha, hata orodha ya sokoni. Watoto wakileta madaftari aliwaambia wanipelekee mimi. Barabarani alinisikiliza. Hakupita hata baiskeli kabla sijasema. Wanaume wengine walimcheka kwamba anaendeshwa na mkewe, akawajibu kwamba si mkewe, ni mwenye gari.

Kila mwaka tulikwenda pamoja kufufua asiransi. Karani alifungua faili na kusoma maswali yale yale: rangi, uzito, usukani, msaidizi wa kushoto. La mwisho lilikuwa, "Hali ya mwenye gari: mjane?" Nami nikajibu, "Ndiyo," na mume wangu amekaa kwenye benchi nyuma yangu, kofia magotini. Mwaka mmoja, tukiwa njiani kurudi, aliniambia, "Siku hizi unasema ndiyo haraka sana."

"Ulitaka nifikiri kwanza?"

"Kidogo."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nilipaswa kusema kitu pale, lakini mbele yetu kulikuwa na lori la saruji, naye alikuwa anangoja nimwambie apite.

Homa ilimchukua kwa siku sita, miaka mingi baadaye, wakati vita vile vimekwisha kusahauliwa na vingine havijaanza. Mama mkwe alikuwa ametangulia. Tulimzika mume wangu nyuma ya nyumba, kando ya migomba, maana ule mmoja ulikuwa umezaa kumi. Sikuandikisha kifo. Sikuwa na cha kuandikisha. Nilinyoa tena, safari hii kwa wembe mkali, na sikulia, nikawashangaza watu.

Mwezi wa asiransi ulipofika nilikwenda kwa miguu. Karani alikuwa mpya, mtu mzima mwenye adabu, faili mbele yake limeraruka pembeni. Rangi, uzito, usukani, msaidizi. Nikajibu vyote.

"Hali ya mwenye gari: mjane?"

Nikafungua mdomo. Neno nililolisema miaka yote ile bila kufikiri, halikuja. Akarudia kwa sauti zaidi, akidhani sisikii.

"Hapana," nikasema.

Akatazama faili. "Mama, hapa iko imeandikwa mjane, tangu zamani."

"Niko na bwana."

Akafikiri kidogo, akatoa karatasi nyingine kwenye mtoto wa meza, akaisogeza karibu na wino.

"Aje basi atie sinyatire."

Nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni kumwita. Nje kulikuwa na jua, na watu wanapita na mizigo yao kwenda sokoni. Nikasimama pale, mkono kwenye mwimo wa mlango, mpaka karani akaniita. Kisha nikarudi mezani, nikamwambia aandike mjane.